Dogo wa miaka 16 ana kesi, anatetemeka na ameanza kuamini yeye ni mwizi kweli. Tumsaidieje kabla ya tarehe?

Mlezi_wa_Zamu

Habari za humu wakuu. Naomba mawazo ya watu wanaoijua kazi hii kwa ndani, wa kubahatisha mniwie radhi.

Kijana ana miaka 16, yuko kidato cha pili, huku huku mkoani Dodoma. Ameshtakiwa pamoja na vijana wawili wakubwa, mmoja 22 mwingine 25, kwa kuvunja stoo usiku na kuiba magunia ya alizeti. Maelezo yake ni kwamba aliitwa kusaidia kupakia kwenye kirikuu, akaambiwa mzigo ni wa ndugu wa mmoja wao. Kituoni alihojiwa peke yake, usiku, akasaini karatasi ambayo hakuisoma. Kwenye hati ya mashtaka ameandikwa ana miaka 19. Sasa yuko nje kwa dhamana. Kesi ilikuwa inatajwa tu, ila tarehe ijayo wameambiwa itakuwa ya hoja za awali, yaani siku ya kusomewa maelezo ya kesi na kuulizwa yapi hawabishani nayo.

Zaidi ya sheria, kinachotutisha ni hali yake. Halali. Asubuhi ya mahakama anatapika. Mahabusu waliokuwa naye walimwambia "hapo ni miaka 30" na hiyo namba haimtoki kichwani. Akiitwa nyumbani anaitika "mshtakiwa wa tatu", na hacheki. Juzi kasema bora akubali tu kwa sababu "kila mtu ameshajua mimi ni nani".

Tuanzie wapi? Umri, ile karatasi, au kichwa chake?

---

Msaidizi_Sheria_Kati

Anzeni na umri, mkuu. Hayo mengine yote yanategemea hapo.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Akitambulika hivyo, kesi yake inatakiwa Mahakama ya Mtoto: faragha, bila wasikilizaji wa mtaani, mzazi au mlezi akiwepo, afisa ustawi wa jamii akiwepo, na utaratibu usio wa kumbananisha. Kwa kuwa ameunganishwa na watu wazima, sheria inaruhusu kesi isikilizwe na mahakama ya kawaida. Hata hapo hageuki mtu mzima. Akizuiliwa lazima atengwe na wakubwa, na akikutwa na hatia mtoto hafungwi jela. Hiyo "miaka 30" aliyoisikia ni adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha kwa mtu mzima. Kosa lake si hilo na umri wake si huo. Mwambieni leo, kwa maneno hayo hayo, maana mtoto anayeamini anaenda kufungwa miaka 30 hawezi kusikiliza kitu kingine chochote.

Jinsi ya kuthibitisha umri. Mahakama inafanya uchunguzi wake na inapokea ushahidi wa mzazi, ndugu, daktari au cheti. Kusanyeni karatasi *za zamani* kwanza: kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha ubatizo kama kipo, rejista ya darasa la kwanza, kumbukumbu za kumaliza darasa la saba. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA kichukueni, lakini kama hakikuwepo na kimetolewa baada ya kesi kuanza, mwendesha mashtaka atauliza mara moja kwa nini kimeombwa sasa. Kikiwa kimeambatana na kadi ya kliniki iliyochakaa yenye tarehe ile ile, swali hilo linaisha nguvu. Mama mzazi aje mwenyewe kusema alijifungua lini na wapi. Pelekeni karatasi halisi na nakala; watu wanaenda na picha kwenye simu halafu wanashangaa haipokelewi.

Kipimo cha daktari (meno, eksirei ya kiganja) kiwe cha mwisho. Kinatoa makadirio, na makadirio yanaweza kupishana na umri halisi kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa mtoto wa miaka 16 hiyo ni hatari: inatosha kumsukuma hadi 18.

Lini mseme? Kesi ikiitwa, kabla ya hoja za awali kuanza. Mzazi au wakili asimame: "Mheshimiwa, umri wa mshtakiwa wa tatu una utata, tunaomba mahakama ifanye uchunguzi wa umri, nyaraka tunazo hapa." Msimnong'oneze karani mkadhani mmeshasema. Kisichoingia kwenye kumbukumbu za hakimu hakijasemwa.

Jambo dogo: Toleo la Marejeo la Sheria la 2023 lilianza kutumika Julai 2025 na namba za vifungu vingi zimehama. Ukikuta mtu mtandaoni anakutajia kifungu namba fulani, hakiki kwenye toleo jipya kabla hujakitamka mbele ya hakimu.

---

Alizeti_Bei_Juu

Mnazungusha sana. Akubali, hakimu amwonee huruma, apewe onyo, arudi shule. Kesi inakula nauli ya watu bure.

---

Wakili_Pembeni

@Alizeti_Bei_Juu ushauri wako ndio unaojaza watoto hatiani kwa jambo ambalo hawakulitenda. Nauli inauma, kweli. Ila sikiliza.

Kukiri mahakamani maana yake ni kukubali kila kiungo cha kosa: kwamba jengo lilivunjwa, kwamba ulishiriki ukijua, kwamba mali ilichukuliwa kwa nia ya kuiba. Mtoto mwenye hofu hajibu hayo. Anasema "ni kweli" ili sauti iliyo mbele yake inyamaze. Akiulizwa vizuri atasema "nilikuwepo, nilipakia, sikujua ni ya wizi." Hayo si kukiri. Hakimu makini ataandika kwamba amekana na kesi itaendelea. Asipokuwa makini, au mtoto akiishia kwenye neno "kweli", kulitoa neno hilo kwenye rufaa ni kazi ngumu.

Kwa hiyo huyo dogo afundishwe jambo moja la lugha: kutenganisha *nilikuwepo*, *nilifanya* na *nilijua*. Ni maswali matatu yenye majibu matatu. Kuwepo tu eneo la tukio hakumfanyi mtu kuwa mkosaji. Lakini tusidanganyane, aliyesimama kulinda njia akijua wenzake wanavunja anahesabika kama aliyevunja. Tofauti iko kwenye kile alichojua na lini alikijua. Aliambiwa nini alipoitwa? Mlango aliukuta umeshafunguliwa? Ilikuwa saa ngapi? Alilipwa? Baada ya kupakia alikwenda wapi? Majibu ya hayo ampe wakili wake peke yake. Mazungumzo na wakili yanalindwa na sheria. Ya shangazi, ya mwalimu na ya rafiki wa kijiweni hayalindwi, na hao wote wanaweza kuitwa kuwa mashahidi.

Hoja za awali. Watu wanaichukulia kama siku ya kawaida. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kesi, kisha washtakiwa wanaulizwa yapi hawabishani nayo. Yale yasiyobishaniwa yanaandikwa, yanasainiwa, na baadaye hayahitaji shahidi. Jina, makazi, kwamba alikamatwa: hayo hayana shida. Tatizo ni sentensi zilizofungwa pamoja, mfano "washtakiwa wote walifika kwenye stoo usiku huo na kuondoka na magunia". Nusu ni kweli kwake, nusu inamzamisha. Asikubali sentensi nzima. Aseme: "Mheshimiwa, naomba isomwe kipande kwa kipande." Anaruhusiwa, na lugha ya mahakama sasa ni Kiswahili, hivyo hakuna sababu ya kusaini asichokielewa. Kama Kigogo au Kirangi kinamkaa vizuri zaidi, aombe mkalimani mapema. Asisubiri mpaka siku ya ushahidi.

Karatasi aliyosaini. Hayo ni maelezo ya onyo, yaani anayoyatoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka polisi wakimkamata mtu wa chini ya miaka 18 wamjulishe mzazi au mlezi, na mahojiano yafanyike ndani ya saa nne za msingi tangu alipowekwa chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa kihalali. Andikeni mambo haya: alikamatwa saa ngapi, alifika kituoni saa ngapi, alianza kuhojiwa saa ngapi, nani alikuwepo, alisomewa au alisaini tu. Mpeni wakili.

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoharibika. Pingamizi linatolewa *pale shahidi anapoomba karatasi ipokelewe kuwa kielelezo*. Hakimu akiuliza "mna pingamizi?" na mtoto akakaa kimya kwa woga, inapokelewa. Akija kusema kwenye utetezi kwamba alitishwa au hakuisoma, ataambiwa amechelewa. Pingamizi likitolewa kwa wakati, mahakama inasimamisha kesi kuu kidogo na kuchunguza kwanza kama maelezo yalitolewa kwa hiari.

Kuhusu wale wakubwa wawili: kama mmoja wao kamtaja dogo kwenye maelezo yake, mahakama inaweza kuyazingatia ila haiwezi kumtia hatiani kwa hayo peke yake. Na msikubali wakili mmoja awatetee wote watatu kwa sababu ni nafuu. Utetezi wa dogo ("sikujua") unaweza kuwa ndio unaowamaliza wenzake. Huyo wakili atamlinda nani?

---

Mlezi_wa_Zamu

Asanteni sana. Hilo la wakili mmoja ndilo lililokuwa likipangwa, tumelisimamisha. Uwezo wa kulipa wakili wake peke yake haupo lakini.

Jingine, kuna ndugu kampa daftari aandike kila kitu alichofanya usiku ule, eti atoe moyoni. Kaanza. Na ndugu wanataka kumleta mwalimu wake aje kusema ni mtoto mwema. Ni sawa?

---

Wakili_Pembeni

Daftari: asimamishe *leo* kuandika tukio. Alilokwisha kuandika akampe wakili mkononi, na asilichane wala kulichoma, maana kuharibu kitu chenye uhusiano na kesi ni balaa jingine. Maandishi yake yakipatikana yanaweza kutumika, na mtoto anayeandika usiku kwa huzuni anaandika "sisi tuliiba" hata kama yeye hakuiba. Simu ni vilevile. Asitume sauti kwa marafiki na asijibu ujumbe wa wale wenzake wawili.

Mwalimu: polepole. Tabia mbaya ya mshtakiwa kwa kawaida hairuhusiwi kutajwa na upande wa mashtaka. Mkileta shahidi wa tabia njema mmefungua mlango, nao wataruhusiwa kuleta ya upande wa pili. Aliwahi kushutumiwa, kwa mfano kwa simu ya mwenzake bwenini? Kulikuwa na barua ya onyo? Kama rekodi ni safi, wakili ataamua. Kama si safi sana, mwalimu asubiri kwenye ripoti ya ustawi, huko ana nafasi nzuri zaidi.

Wakili wa bure: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya hali hii. Ombeni kupitia afisa ustawi, msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria ngazi ya halmashauri, au muulizeni hakimu wazi wazi kesi ikiitwa. Ombeni kabla ya hoja za awali. Wakili anayeingia katikati ya ushahidi anakuta makosa yameshaandikwa.

---

Nasaha_Makole

Niingie kwenye kichwa, kwani sheria mmeigusa vizuri.

Kwa umri wa miaka 16 mtu bado anajijenga kwa kuokota anavyoitwa na wengine. Mtu mzima akiitwa mwizi ana miaka 40 ya kumbukumbu za kupinga. Kijana hana akiba hiyo. Akisikia "mshtakiwa wa tatu" mara kumi kwa siku, akafungwa pingu mbele ya majirani, akapandishwa karandinga, ubongo wake unakamilisha hesabu: *kama wote wananiona hivi, basi ndivyo nilivyo.* Kusema "bora nikubali" kwa wengi hutoka hapo. Anatafuta kumaliza mvutano kati ya anavyojijua na anavyoitwa, na njia fupi ni kukubali anavyoitwa.

Msimjibu kwa "wewe ni mtoto mzuri". Haiamini, na inamnyima nafasi ya kusema kwamba kuna alichokosea, kwa mfano kwenda usiku bila kuaga. Mjibuni kwa mambo yanayohesabika. Anafua nguo zake. Anamsaidia mdogo wake hesabu. Anachunga mbuzi wa bibi yake mwisho wa wiki. Kila siku awe na kazi mbili ambazo asipozifanya mtu mwingine ataona pengo. Mrudishieni kazi alizonyang'anywa tangu akamatwe. Familia nyingi humpumzisha mtoto kwa huruma, akabaki na kazi moja tu: kuwa mshtakiwa. Nyumbani aitwe jina lake, na akijiita "mshtakiwa wa tatu" msimkaripie wala msicheke. Muite jina lake, endeleeni na mazungumzo.

Muda wa kuongelea kesi uwe na mipaka. Nusu saa, mara mbili kwa wiki, na mtu mmoja aliyechaguliwa. Nje ya hapo kesi isitajwe mezani. Nyumba ambayo kila mgeni anaulizia kesi ni mahakama ya pili.

Kuhusu mwili. Kutapika na kutetemeka ni hofu iliyopanda mwilini, na inashushwa mwilini. Ajifunze kupumua: vuta kwa hesabu ya 4, toa taratibu kwa hesabu ya 6, mara kumi, asubuhi na usiku kwa wiki mbili *kabla* ya tarehe. Akijaribu mara ya kwanza kizimbani haitafanya kazi. Siku ya mahakama ale saa 12 asubuhi kitu chepesi, uji na kiazi vinatosha, asiende na tumbo tupu. Kesi zinaanza kuitwa saa 3 lakini yake inaweza kufika saa 7 mchana, na mtu mwenye njaa anatetemeka hata bila hofu. Abebe maji. Mpelekeni siku moja kabla aione milango, chumba, choo kiko wapi, atasimama wapi. Hofu ya mahali usipopajua ni kubwa kuliko ya mahali ulipokwisha kupaona.

Macho. Hili ni la kwetu huku kati na linaumiza watoto wengi. Nyumbani kumkodolea macho mtu mzima ni utovu wa adabu, hivyo mtoto aliyelelewa vizuri anaulizwa swali anainamisha kichwa. Chumbani pale kuinama kunaweza kusomwa kama hatia. Asilazimishwe kukodoa, atajisikia mkaidi na itaonekana usoni. Atazame meza ya hakimu au kalamu yake anapoandika. Na wapo wanaotabasamu wakiogopa; kama yeye ni mmoja wao, mwambieni wakili amtaarifu hakimu mapema, isije ikachukuliwa kuwa dharau.

Wakati wa kutoa ushahidi wake: jibu fupi, kisha kimya. Mwenye maswali ya dodoso, yaani wa upande wa pili anayembana shahidi, huacha ukimya kwa makusudi, na mtoto hukimbilia kuujaza. "Sijui" na "sikumbuki" ni majibu kamili kama ndiyo ukweli. Asikisie umbali wala saa ili kuonekana anajua. Mfanye mazoezi ya dakika 20 hivi, tena kwa mambo yasiyo ya kesi: muulizeni kuhusu mechi ya juzi, mbaneni, aone namna ya kusema "naomba urudie swali, Mheshimiwa". Msimkaririshe majibu ya tukio lenyewe. Ushahidi wa kukariri unavunjika kwenye swali la pili, na ukishavunjika hata ukweli wake hauaminiki.

Angalieni dalili hizi: kugawa vitu vyake, kusema "mtapumzika", kukaa bila kula siku mbili, kujikata. Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumpi wazo. Akisema ndiyo asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya afya ya akili, watu waache unyanyapaa, kwenda kliniki pale si kulazwa. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Ila kumbukeni alivyosema wakili: hata kwa mshauri azungumze *anavyojisikia*. Habari za usiku ule abaki nazo yeye na wakili.

---

Ustawi_Bahi_Kondoa

Naongeza ya upande wetu.

Msisubiri tuitwe. Nendeni ofisi ya ustawi ya halmashauri mkiwa na nakala ya hati ya mashtaka na tarehe. Likija suala la amri ya mahakama, hakimu anahitaji ripoti ya mazingira ya mtoto: anaishi na nani, nani anamsimamia jioni, maendeleo ya shule, afya, makosa ya nyuma, na nani yuko tayari kumpokea. Ripoti mbovu ni ile iliyoandikwa ofisini kwa nusu ukurasa, kwa sababu afisa kaambiwa jana. Ripoti nzuri inahitaji kufika nyumbani, kufika shule na kuongea na mtoto bila mzazi. Hapo ndipo yule mwalimu anafaa: aandike kwa mkono wake mahudhurio, matokeo na tabia, apige muhuri. Sisi hatumuulizi mtoto aliiba au hakuiba, na akianza kueleza afisa mzuri anamsimamisha.

Ikifika huko, yaani akikutwa na hatia, kinachowezekana ni kuachiwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi, kukabidhiwa kwa mtu anayefaa, au shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha tabia za watoto waliokutwa na hatia. Hiyo ni ya Irambo, Mbeya, na kutoka Dodoma ni mbali, mzazi hatafika kila mwezi. Ndiyo maana mpango wa nani atamsimamia nyumbani unatakiwa uwe na jina, namba na mahali. "Familia itamwangalia" hausaidii.

Dhamana yake ilindeni kama yai. Mahabusu za watoto hazipo kila mkoa. Zipo Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga, Mbeya na kwingine kuchache. Dhamana ikifutwa, mtoto wa Dodoma ama anapelekwa mbali na tarehe zinaanza kuahirishwa kwa kukosa usafiri, ama anaangukia mahali penye watu wazima tukianza kuhangaika kumtenganisha. Dhamana hufutwa kwa kutofika. Mtoto mwenye hofu huwaza kukimbilia kwa mjomba Singida. Mwambieni kabla hajawaza kwamba akikimbia, aliyemdhamini ndiye atakayebanwa alipe. Mdhamini akiwa na safari au akiumwa, barua na uthibitisho vifike mahakamani kabla ya tarehe.

Shule: pelekeni barua kwa mkuu wa shule kila tarehe ya mahakama inapopangwa, isiyo na maelezo ya kosa, "atakuwa na wito wa kiserikali tarehe fulani" inatosha. Msipofanya hivyo anaandikwa mtoro, na utoro ukifika siku 90 mfululizo anaweza kufutwa. Kidato cha pili ana upimaji wa taifa Novemba; kama tarehe ya kesi inagongana na mtihani, wakili aombe nyingine huku akiwa na ratiba mkononi. Mahakimu wengi wanaelewa hilo. Siku ya mahakama asivae sare, inamtambulisha yeye na shule yake. Shati safi la kawaida, suruali, viatu vilivyofungwa.

Mwisho, @Mlezi_wa_Zamu, umeandika umri, kidato, aina ya mzigo na idadi ya washtakiwa hapa hadharani. Mtu wa kijiji chenu anamjua tayari. Utambulisho wa mtoto aliye mahakamani hautakiwi kusambazwa. Hariri bandiko lako, toa alizeti na toa kirikuu. Na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo picha yake akiwa na pingu ifutwe, kama ipo.

---

Alizeti_Bei_Juu

Sawa, nimeelewa kuhusu kukubali. Ila swali la kweli: akishinda, mtaani watamwita nani? Jina halifutiki na hukumu.

---

Nasaha_Makole

Hoja nzuri. Hukumu haifuti jina mtaani, na kuwatembezea watu nakala ya hukumu hakusaidii. Kinachosaidia ni watu watatu wanne wenye heshima, mwenye duka, kocha, kiongozi wa kwaya au ustadhi wake, wamtume kazi za kuaminiwa hadharani: kashike hela hii, kanunue kile, leta chenji. Ifanyike *sasa hivi*, kesi ikiwa inaendelea, kwa viwango vidogo. Wakisubiri hukumu itaonekana ni huruma.

---

Mlezi_wa_Zamu

Nitahariri bandiko. Kadi ya kliniki imepatikana kwa bibi yake, tarehe inasomeka. Daftari limeshachukuliwa, Jumatatu ofisi ya ustawi. Swali moja la haraka: siku ile mama yake akiulizwa na hakimu kuhusu umri, ataje tarehe tu au aeleze?

---

Msaidizi_Sheria_Kati

Ataje tarehe, mahali alipojifungulia, na mtoto huyo ni wa ngapi kwake. Ya ngapi ni muhimu: wataulizia umri wa anayemtangulia na anayemfuata ili waone kama hesabu inakubali. Akumbuke hizo tarehe mbili pia, na kama kadi za hao wengine zipo, azibebe.